Umehamia parokia mpya? Namna ya kuingia kwenye wiki ya parokia usibaki mgeni wa benchi la nyuma

Hii naandika kwa mtu aliyehama, iwe ni kazi, ndoa au masomo, akajikuta kwenye kanisa Katoliki ambalo hamjui hata anayegonga kengele. Mi nshahama mara tatu na mara ya kwanza niliharibu kabisa. Mwaka mmoja na nusu nilikuwa naingia Misa inaanza, nakaa benchi la mwisho karibu na mlango, baraka ikitolewa mi nshafika getini, na bado najisifia kwamba sikosi Jumapili. Alafu nikaugua wiki tano na hamna aliyejua. Niliwalaumu kwelikweli, nikawaita watu baridi, nikasema parokia gani hii, mpaka nilipohamia nyingine ndo nikaelewa kwamba wangejuaje, jina langu halikuwa popote na sura yangu walikuwa wanaiona kwa mgongo. Watu wa parokia wanafahamiana Jumanne jioni na Jumamosi asubuhi, siku zile ambazo mi sikuwepo, Jumapili wanakuja tu kuendelea na mazungumzo.

Kwa hiyo nachoelekeza hapa ni hiyo wiki nzima.

Kwanza ujue we tayari ni wa hapo

Wengi wanadhani mtu anakuwa wa parokia pale anapojaza fomu ofisini. Siyo. Parokia kwa kawaida ni eneo lenye mipaka, na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 (Kanuni ya 518) inasema inawachukua waamini wote wanaoishi ndani ya eneo hilo. Kanuni ya 107 inasema paroko, yani padre anayeongoza parokia, unampata kwa makazi yako. Na makazi yenyewe yameelezwa kwenye Kanuni ya 102: ukihamia kwa nia ya kubaki moja kwa moja, au ukishakaa miaka mitano kamili, hapo ni kwako, na hata ukija kwa nia ya kukaa miezi mitatu tu, tayari una makazi ya muda na paroko wa hapo ni wako. Yani siku unashusha godoro ushapata paroko, yeye ndo bado hajapata habari.

Kuna parokia chache ambazo hazifuati eneo, zinafuata lugha au riti (mapokeo ya ibada), hizo ukiwa karibu nazo ulizia.

Na kuna hiki kitu ambacho mi nilikijua nimeshazeeka kwenye dini. Kanuni ya 534 inamdai paroko kila Jumapili na kila sikukuu ya amri (ile ambayo kwenda Misa ni lazima) atoe Misa kwa ajili ya watu wote wa parokia yake. Siyo kwa nia, yani ombi maalumu, la mtu aliyepeleka bahasha, ni ya wote waliomo ndani ya mipaka, wanaokuja na wasiokuja. Ule mwaka na nusu nalalamika hamna anayenikumbuka, kumbe kila Jumapili kuna Misa ilikuwa inatolewa na mi nimo ndani, na sijui kama siku moja niliwahi kusema amina nikiwa najua hilo.

Jumamosi usiku, dakika kumi

Soma masomo ya kesho. Ndo hilo tu, lakini ni dogo linalobadilisha Misa nzima, maana kanisa jipya spika zake hujazizoea, sauti ya padre hujaizoea, na ukiwa hujui somo linahusu nini utaambulia nusu.

Kujua masomo gani ni rahisi. Jumapili zinazunguka miaka mitatu, mwaka A ni Mathayo, B ni Marko, C ni Luka. Yohana hana mwaka wake ila Kwaresima na Pasaka anasikika sana, na mwaka B anaingia katikati na ile sura ya 6 ya mkate wa uzima Jumapili tano mfululizo kwa sababu Marko ni mfupi. Ukisahau ni mwaka gani, chukua namba ya mwaka ugawanye kwa 3, ikigawanyika bila kubaki kitu hiyo ni C. 2025 ilikuwa C, 2026 ni A, 2027 ni B. Angalizo hapa, mwaka wa Kanisa hauanzi Januari, unaanza Jumapili ya kwanza ya Majilio (kipindi cha kujiandaa na Krismasi), kwa hiyo mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba mzunguko unageuka wakati kalenda ya ukutani bado ni ile ile. Siku za kawaida za juma, nje ya Majilio, Krismasi, Kwaresima na Pasaka, zenyewe ni miaka miwili tu, mwaka wa namba witiri ni wa kwanza na wa shufwa ni wa pili, na hapo kinachobadilika ni somo la kwanza na zaburi, Injili inabaki ile ile kila mwaka.

Kama Jumapili huwezi kabisa kwa sababu ya kazi, Misa ya Jumamosi jioni inahesabika, Kanuni ya 1248 iko wazi, siku yenyewe au jioni ya kuamkia. Misa ya kwenye TV ni msaada mkubwa kwa mgonjwa na aliyefungiwa ndani, na mgonjwa kwanza halazimiki kwenda. Ila mzima mwenye miguu yake asijidanganye kwamba ameshahudhuria.

Jumapili

Chagua saa moja ya Misa uishike kwa wiki nne. Hili nalisisitiza kuliko yote kwa sababu parokia yenye Misa tatu ni kama ina vijiji vitatu. Wa Misa ya asubuhi sana wana mambo yao, wengi ni wazee na watu wenye zamu, Misa ya watoto ina kelele zake na walimu wake, ya jioni ina vijana. Ukirukaruka, leo hii kesho ile, kila Misa utakuwa mgeni wa kwanza milele.

Fika robo saa kabla. Usikae nyuma na usikae mbele kabisa, mstari wa nne au wa tano pembeni panafaa, mbali na mabenchi ya kwaya (utajikuta umezungukwa na sauti ya tatu na hujui wimbo hata mmoja). Faida ya kuwa na watu mbele yako ni kwamba utaona wao wanasimama saa ngapi, wanapiga magoti saa ngapi, amani wanapeana kwa mkono au kwa kuinamisha kichwa, komunyo wanatoka kwa mistari au kwa benchi. Misa ni ile ile dunia nzima lakini haya madogo yanatofautiana, na hamna dhambi ya kuchelewa kusimama sekunde mbili.

Kufunga ni saa moja kabla ya kupokea komunyo, siyo kabla ya Misa kuanza, na maji na dawa havivunji mfungo. Wazee, wagonjwa na wanaowahudumia hawabanwi na hiyo saa. Ukipokea mkononi, mkono wa kushoto juu ya wa kulia (kama unatumia wa kulia), sema Amina isikike, na ule hapo hapo mbele ya anayekugawia kabla hujageuka, usiende nayo kwenye benchi. Na kama hauko tayari kupokea, iwe hujaungama au ndoa haijakaa sawa, baki ulipo usali. Najua mgeni anaogopa macho ya benchi zima likimpita, ila niamini, waliokupita wanafikiria ya kwao.

Sasa matangazo. Watu ndo wanaanza kukusanya mikoba, watoto wanavaa viatu, na hapo ndo parokia yenyewe inaongea. Sikiliza majina na siku: kwaya wana mazoezi lini, kikundi gani kinafanya usafi, nani anazikwa, mafundisho ya kipaimara yanaanza lini, wenye ndoa watarajiwa ni akina nani. Jumapili mbili tatu za kusikiliza matangazo vizuri zinakupa ramani nzima, kuliko kuuliza watu kumi.

Baada ya Misa usikimbie. Simama nje dakika kumi na umsalimie mtu mmoja tu, na umuulize swali lenye jibu, mfano Misa ya Jumatano ni saa ngapi, hata kama unaijua. Ukisema "mi mgeni hapa" peke yake watu watakukaribisha kwa maneno mazuri na mazungumzo yataishia hapo, ila ukiuliza kitu mtu atakupeleka kwa mwingine anayejua, na huyo mwingine mara nyingi ni msakristani, yule anayetunza vyombo vya ibada. Msakristani mjue mapema. Paroko anaweza kuhamishwa, msakristani yupo.

Katikati ya wiki, njia ya mkato

Nenda Misa moja ya siku ya kawaida. Ni fupi, hamna wimbo wa Utukufu wala sala ya Nasadiki isipokuwa kuna sherehe, somo ni moja kabla ya Injili, mara nyingi nusu saa mmeshatoka. Na mko wachache. Jumapili unapotea kwenye mamia, Jumatano asubuhi mko kumi na tano na wa kumi na sita akiingia wote wanageuka. Mi nilienda mara mbili tu, mara ya tatu mama mmoja akaniuliza mbona wiki iliyopita hukuja. Mwaka na nusu wa Jumapili haujawahi kunipa swali hilo.

Siku nyingine za wiki nazipitia haraka. Rozari parokiani mara nyingi inasaliwa kabla ya Misa, Jumatatu na Jumamosi ni matendo (mafumbo ya kutafakari) ya furaha, Jumanne na Ijumaa ya uchungu, Jumatano na Jumapili ya utukufu, Alhamisi ni ya mwanga ambayo Papa Yohane Paulo II aliyaongeza mwaka 2002, kwa hiyo usishangae mzee akiyaruka. Kuabudu Ekaristi parokia nyingi wanaweka Alhamisi au Ijumaa ya kwanza ya mwezi, hapo kazi yako ni kukaa kimya tu, ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu mwenye aibu. Ijumaa ni siku ya toba mwaka mzima siyo Kwaresima peke yake, namna ya kuiadhimisha inaelekezwa na maaskofu wa nchi uliyopo, na Kwaresima ndo kuna Njia ya Msalaba na vituo vyake 14.

Sikukuu za amri pia zinatofautiana. Kanuni ya 1246 imetaja kumi mbali na Jumapili, lakini maaskofu wa nchi wanaruhusiwa, kwa kibali cha Roma, kuzipunguza au kuzihamishia Jumapili, kwa hiyo ukivuka mpaka usibebe orodha ya ulikotoka, uliza.

Kitubio

Yani kuungama. Mara nyingi ni Jumamosi alasiri au kabla ya Misa za juma. Kuwa mgeni hapa ni faida kubwa, padre hakujui, humjui, ingia. Unasema ni muda gani tangu uungame mara ya mwisho, unataja dhambi, na zile nzito unataja aina na ni mara ngapi hivi, bila hadithi ndefu na bila kuwataja wenzako waliokukosea. Anakupa malipizi, unasali sala ya kutubu, anakuondolea, unatoka. Kama umesahau maneno ya sala mwambie tu Padre nimesahau, atakuongoza, ameshakutana na waliokaa miaka ishirini.

Sheria ya kuungama angalau mara moja kwa mwaka ipo tangu Mtaguso wa nne wa Laterano, 1215, lakini hicho ni kiwango cha chini kabisa, ni kama kusema nyumba unaifagia mara moja kwa mwaka. Na siri ya kitubio ni siri kweli, padre akiivunja kwa makusudi anatengwa na Kanisa papo hapo bila kusubiri hukumu. Wanaoogopa kwamba watasikia dhambi zao kwenye mahubiri wapumue.

Ofisi ya parokia

Nenda ndani ya mwezi wa kwanza, siku ya kazi, usimvamie paroko Jumapili mlangoni na mambo ya vyeti maana anashika mikono ya watu mia mbili na atasahau. Peleka nakala ya cheti cha ubatizo, kipaimara na ndoa kama unavyo. Kama huna, andika parokia uliyobatizwa na mwaka, namba ya ubatizo ukiwa nayo ni bora zaidi.

Sababu ni hii. Kitabu cha ubatizo ndo kitabu mama. Kipaimara ukipokea mahali pengine, ndoa ukifunga mahali pengine, taarifa inatakiwa irudi kuandikwa pembeni ya jina lako kule ulikobatizwa. Ndo maana ukitaka kufunga ndoa hawataki kile cheti kilichokunjwa kwenye biblia ya bibi, wanataka kipya kilichotolewa karibuni, mara nyingi kisizidi miezi sita, kwa sababu kipya kitaonyesha kama kuna ndoa imeshaandikwa. Wengine wanaona ni usumbufu wa ofisi. Fikiria mtu aliyeoa kule akaja kuoa huku, utaona kwa nini.

Hapo hapo ofisini ndo unapeleka nia ya Misa. Kuna sadaka inayoendana nayo na kiasi kinapangwa na maaskofu wa eneo, ila Misa hainunuliwi, Kanuni ya 947 inakataza hata kile kinachofanana na biashara, na mapadre wanahimizwa wapokee nia za maskini hata bila sadaka yoyote. Kama huna kitu, sema. Kwa ujumla hela za parokia ukitaka kuzielewa uliza habari za baraza la fedha, hilo Kanuni ya 537 inalazimisha kila parokia iwe nalo, tofauti na baraza la kichungaji ambalo linaanzishwa askofu akiona inafaa, na lenyewe linashauri tu halipigi kura ya kumfunga paroko. Ukijua hilo utajiepusha na ugomvi mwingi wa "mbona tulipendekeza na hakufanya".

Chagua kazi moja, na iwe ndogo

Wageni wana ugonjwa wa aina mbili, kutojiunga na chochote, au kujiunga na kila kitu mwezi wa kwanza alafu wa tatu wamechoka wanazima simu. Chagua moja. Na ushauri wangu, kama huna kipaji cha kuimba au kusoma, tafuta ile kazi isiyogombewa, kupanga vitabu, kufuta mabenchi, kukunja viti baada ya mkutano, kukaa na spika na maiki, kuhesabu sadaka na wenzako. Kwenye kukunja viti watu wanaongea ukweli wa parokia kuliko kwenye mkutano wowote.

Ukipenda kikundi cha sala kuna Lejio ya Maria, iko karibu kila mahali tangu ilipoanza Dublin 1921, wanakutana kila wiki na wanapewa kazi kwa jozi, inamfaa mtu anayependa mpangilio. Ukipenda kuhudumia wahitaji kuna chama cha Mtakatifu Visenti wa Paulo, hicho kilianzia Paris 1833 kwa akina Frédéric Ozanam wakiwa wanafunzi, wanatembelea familia majumbani na hawatangazi walichopeleka. Watoto wana Utoto Mtakatifu. Usomaji na utumishi wa altare ni kwa wote, na tangu Januari 2021 hata zile huduma rasmi za msomaji na akoliti (mhudumu wa altare) zinazotolewa na askofu zimefunguliwa kwa wanawake, kwa hiyo ukisikia mtu anasema binti hawezi, amepitwa na wakati.

Mi nilichagua kusoma, na ngoja niwaambie siku yangu ya kwanza. Jumapili ya 14 ya mwaka C. Nimejiandaa wiki nzima nyumbani na Isaya 66, Yerusalemu anayewabembeleza watoto wake, nimesoma kwa sauti mpaka jirani akauliza kama niko sawa. Napanda mimbari, kitabu kiko wazi, ribon nyekundu imelala vizuri, naanza: "Furahi sana, Ee binti Sayuni..." Katikati ya sentensi ya pili nikasikia hii siyo yangu. Ilikuwa Zekaria, Jumapili ya 14 kweli, lakini ya mwaka A, kurasa chache nyuma. Nikaendelea, ningefanyaje, mikono imeloa jasho nimeshika kingo za mimbari, nikamaliza "Neno la Bwana", watu wakajibu Tumshukuru Mungu kwa amani kabisa, alafu mwimbaji wa zaburi akaanza Zaburi ya 66 ya mwaka C na padre akageuza kichwa taratibu kuniangalia. Baadaye sakristia alisema sentensi moja tu, "Ribon haijasoma shule, ikague mwenyewe."

Kwa hiyo ukisoma: fika mapema, fungua kitabu mwenyewe, tazama siku na herufi ya mwaka, tazama jina la kitabu na mstari wa kwanza. Maandishi mekundu ni maelekezo, hayasomwi. Hata "Somo la kwanza" usiseme, anza na "Somo katika kitabu cha...". Maiki iwe umbali wa ngumi mbili na usiipigepige kuijaribu watu wamekaa. Ukimaliza hesabu tatu kimoyomoyo kabla ya "Neno la Bwana", hiyo nukta ndo inawaacha watu walipate, na ukitoka usikimbie kama umeiba.

Wagonjwa

Kama kuna mgonjwa au mzee nyumbani kwako asiyeweza kutoka, ofisi ikijua atapelekewa komunyo, wengi hawajui ni haki yao wanakaa miezi wakisubiri padre aote. Na mpako mtakatifu (kupakwa mafuta ya wagonjwa) siyo wa dakika ya mwisho peke yake, ni kwa yeyote aliyeanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee, na ugonjwa ukizidi unapokelewa tena. Mwiteni padre wakati mgonjwa bado anaweza kujibu sala, siyo akiwa hajitambui ndo mnatafuta namba.

Nilimsindikiza mara moja mama anayegawa komunyo. Ekaristi iko kwenye kichombo kidogo cha mfuniko, ndani ya kamfuko shingoni, na njia nzima hakusimama kuongea na mtu, waliotusalimia aliwaitikia kwa kichwa. Kule ndani mzee alikuwa ameketi kitandani amefunga vifungo vya shati mpaka cha juu, meza ndogo ina kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, mshumaa, msalaba na glasi ya maji. Binti yake akasema ameanza kujiandaa tangu saa kumi na moja alfajiri. Tukasali Baba Yetu na yeye akawa anachelewa neno moja nyuma yetu, tukapunguza mwendo tukamsubiri. Dakika kumi na mbili tulikuwa tumemaliza. Njiani kurudi yule mama akaniambia yule mzee ndo alikuwa anasoma somo la pili Misa ya asubuhi miaka mingi, na nafasi yake ndo nimekaa mi.

Ukiwa mwenyeji wa kumpokea mhudumu, andaa hivyo hivyo: kitambaa, mshumaa, maji, zima redio. Hamna haja ya makubwa.

Vitu vitakavyokuchomesha

Kusema "kule kwetu tulikuwa tunafanya hivi". Mara moja wanakusikiliza, mara ya tatu wanakuombea urudi. Kaa mwaka ndo upendekeze.

Kuingia upande kwenye ugomvi wa kwaya. Kila parokia kuna kitu kilitokea miaka ya nyuma kati ya kwaya mbili na wote wawili watakueleza vizuri sana.

Grupu la WhatsApp la kikundi, liache lifanye kazi ya ratiba. Usitume minyororo ya "tuma kwa watu kumi upate muujiza", hiyo siyo sala. Na msiba ukitangazwa usiishie kubonyeza mikono iliyokunjwa, nenda.

Kama una mtoto mdogo analia, toka naye umtulize mlangoni, alafu rudi. Neno la muhimu ni rudi, wengi wanabaki nje mpaka mwisho kwa aibu na baada ya miezi sita hawaji kabisa.

Ukichukua zamu na huwezi, sema siku mbili kabla na utafute mbadala mwenyewe. Mi mwezi wa nne pale parokia ya pili nilishikwa na homa Jumapili moja, sikuja wala sikusema, na kabla Misa haijaisha simu ikaita, msakristani, hata salamu hana: "Uko wapi? Somo la pili limesomwa na mtu wa kengele." Alafu akanyamaza kidogo akauliza unaumwa? Jioni walikuja watu watatu.

Na ukihama tena aga. Mwambie paroko, mwambie kiongozi wa kikundi, jitoe kwenye ratiba, acha nakala ya vitu ulivyokuwa unashika. Mi niliondoka na ufunguo wa sakristia mfukoni, nikaugundua kwenye parokia mpya nikitafuta chenji ya sadaka, ikabidi niurudishe kwa basi.